Jina Lililo Juu ya Daftari

Haya ni maneno ya mwalimu mstaafu aliyealikwa kuzungumza na wajumbe wa vikundi vyetu vya kujisaidia. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema, kwa sababu wanachama wengi waliomba wayasome tena na kuyajadili nyumbani. Mwishoni tumeongeza maswali ya kikundi.



Kabla ya leo katibu wenu aliniletea karatasi yenye swali la mama mmoja wa hapa. Swali lenyewe lasema hivi: "Mwalimu, tumesikia redioni kwamba huko Ulaya msichana Mwislamu anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu ya nguo aliyovaa. Je, walimu wa huko wanawachukia watoto wa Kiislamu?"

Mama, swali lako nimelifikiria wiki nzima. Mimi huko Ulaya sikufundisha. Nimefundisha hapa hapa kwetu, shule za msingi, miaka 31, na mambo ya shule za nje nimeyafuata kwa kusoma. Lakini kazi ya ualimu ni moja. Chaki ni chaki. Kwa hivyo nitawaeleza yale ninayoyajua, halafu mwisho nitawaambia jambo langu mwenyewe, ambalo si la kujivunia.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: walio wengi hawawachukii. Lakini mtoto haumizwi na chuki peke yake. Huumizwa pia na mwalimu mwema, mpole, ambaye hatarajii kitu chochote kutoka kwake. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo.

WATOTO HAWA WALITOKA WAPI?

Baada ya vita vikuu vya pili, viwanda vya Ulaya vilihitaji watu wa kufanya kazi. Uingereza ilipata wengi kutoka Pakistani na Bangladeshi ya leo, nchi ambazo ilizitawala hadi 1947. Ufaransa ilipata watu wa Aljeria, Moroko na Tunisia, nchi zilizokuwa chini yake. Ujerumani Magharibi ilitia sahihi mkataba na Uturuki mwaka 1961.

Waliotangulia kwenda walikuwa hasa wanaume. Walidhani watafanya kazi miaka michache, wapate pesa za kujenga nyumba kwao, halafu warudi. Wenyeji nao walidhani hivyo hivyo. Wajerumani waliwaita "wafanyakazi wageni", na mgeni, kama mnavyojua, siku ya tatu mnampa jembe, lakini bado mnangoja aage. Mwaka 1973 Ujerumani ikafunga mlango wa kuajiri watu kutoka nje. Wengi hawakurudi. Waliogopa kwamba wakitoka hawataingia tena, wakaleta wake zao na watoto.

Baadaye wakaja wengine waliokimbia vita: Wabosnia, Wasomali, Waafghani, Wasyria. Kati ya Wasomali hao wamo waliopitia kambi za Dadaab hapa kwetu, ambazo zilifunguliwa mwaka 1991. Kwa hivyo msifikiri habari hii ni ya mbali sana. Kuna mtoto aliyejifunza kusoma kwenye vumbi la Garissa ambaye baadaye aliketi kwenye dawati la Ulaya.

Mwaka 2016 ilikadiriwa kwamba katika nchi za Umoja wa Ulaya, pamoja na Norwe na Uswisi, Waislamu walikuwa karibu milioni 26. Hiyo ni kama watu 5 katika kila 100. Watoto wao wengi wamezaliwa huko huko. Hawajui nchi nyingine. Hata hivyo mwalimu akisoma rejista asubuhi, akifika kwenye jina Fatma au Murat, mara nyingi bado husikia jina la mgeni.

MWALIMU ANAPOCHAGUA NJIA YA MTOTO

Tuanze na Ujerumani, maana huko mwalimu ana nguvu ambayo hapa kwetu hatukuwa nayo. Kwa desturi yao, mtoto akimaliza darasa la nne, akiwa na umri wa miaka kama 10, hupangiwa shule ya aina gani aende. Kwa miaka mingi shule za juu zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza iliongoza chuo kikuu. Ya pili iliongoza kazi za ofisi na ufundi wa juu. Ya tatu ilikuwa ya wale walioonekana si wa vitabu. Leo majimbo mengi yameunganisha hizo mbili za chini, na Berlin huchagua baada ya darasa la sita. Lakini bado mwalimu huandika pendekezo lake, na katika majimbo mengine, kama Bavaria, pendekezo hilo na alama alizotoa vina uzito mkubwa.

Hebu fikirini. Mtoto wa miaka 10! Nyumbani anasema Kituruki, shuleni Kijerumani. Baba yuko kiwandani zamu ya usiku. Mama hajui barua ya shule inasema nini. Halafu mwalimu mmoja aketi jioni, achukue kalamu, aandike mtoto huyu anafaa kwenda wapi. Mwalimu huyo si mbaya. Labda anasema moyoni, "Nisimpeleke shule ngumu akateseka, maana nyumbani hana wa kumsaidia." Ni huruma hiyo. Lakini huruma hiyo imefunga mlango.

Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Mannheim, Meike Bonefeld na Oliver Dickhäuser, walichapisha jaribio ambalo mtu yeyote aliyewahi kushika kalamu nyekundu angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi wa ualimu wapatao 200 kazi ya kusahihisha imla. Imla ilikuwa ile ile, makosa yale yale. Tofauti ilikuwa moja tu. Wengine waliambiwa imeandikwa na mtoto aitwaye Max, ambalo ni jina la Kijerumani. Wengine waliambiwa ni ya Murat, jina la Kituruki.

Sasa sikilizeni. Makosa waliyahesabu sawa. Lakini walipofika kwenye gredi, Murat alipata ya chini kuliko Max.

Mnaona jambo hilo? Mkono ulihesabu haki, lakini moyo ukatoa hukumu nyingine. Na hawa walikuwa vijana waliokuwa bado chuoni, hawajachoka na kazi. Ungewauliza kama wanawabagua Waturuki, nadhani wengi wangekasirika sana.

Hapa mzee mmoja ananitazama kama anayetaka kusema, "Gredi moja ni nini?" Mzee wangu, gredi moja leo, nyingine kesho, kwa miaka minne, halafu lije pendekezo. Maji hujaza mtungi kwa matone. Hata mlo wa kikundi ukipungua kijiko kimoja kila siku, mwisho wa mwaka mtaona gunia halipo.

YALIYOTOKEA BRADFORD

Twende Uingereza. Bradford ni mji wa kaskazini uliokuwa na viwanda vya sufu, na Wapakistani wengi walikwenda kufanya kazi huko. Kufikia miaka ya 1980 shule nyingine zilikuwa na watoto Waislamu wengi kuliko Wazungu. Halmashauri ya mji ikaanza kubadilisha mambo. Mwaka 1983, kwa mfano, ilianza kuwapikia watoto Waislamu nyama ya halali shuleni.

Mwalimu mkuu mmoja wa mji huo, Ray Honeyford, hakupendezwa na jinsi mambo yalivyokuwa yakienda. Mwaka 1984 aliandika makala katika gazeti moja. Alisema watoto wa wahamiaji ni lazima wajue Kiingereza vizuri na wafuate taratibu za shule za Kiingereza. Alilalamika kwamba wazazi huwapeleka watoto Pakistani katikati ya muhula, na kwamba watoto Wazungu wachache waliobaki katika shule kama yake wanapunjwa.

Wazazi walikasirika. Waliandamana langoni, wengine wakakataa kuwapeleka watoto shuleni. Mwaka 1985 alisimamishwa kazi, akarudishwa na mahakama, na kufikia mwisho wa mwaka huo akastaafu mapema. Mpaka leo kuna Waingereza wanaosema alionewa kwa kusema kweli, na wengine wanaosema aliwatukana wazazi wa watoto wake mwenyewe.

Mimi nikiwa mwalimu nasema hivi. Kutaka watoto wasiende safari muhula ukiendelea, ni haki yake. Hata mimi nimegombana na wazazi kwa jambo hilo, tena Wakristo, wakati wa kuvuna kahawa. Kutaka mtoto ajue lugha ya nchi, pia ni kumtakia mema. Lakini mwalimu mkuu akiwaandika wazazi wa shule yake gazetini kana kwamba wao ndio ugonjwa, kesho atamwita nani kwenye mkutano wa wazazi? Nani atamjia? Ukweli ukiambiwa wengine kabla ya mwenyewe haujengi.

Mwaka huo huo wa 1985 ilitoka ripoti kubwa ya serikali iliyoitwa ripoti ya Swann. Ilisema jambo ambalo lilikuwa geni kwa wengi: kwamba habari hii si ya watoto wa wahamiaji peke yao. Mtoto Mzungu katika kijiji kisicho na mhamiaji hata mmoja naye afundishwe kuishi na wengine, maana nchi ni moja.

NGUO ZA UFARANSA

Sasa tufike kwenye swali la mama. Ili kuwaelewa Wafaransa ni lazima tujue kwamba ugomvi wao wa kwanza haukuwa na Waislamu. Ulikuwa na sisi, watu wa kanisa. Zamani mapadri na watawa walikuwa na nguvu nyingi katika shule za Ufaransa. Katika miaka ya 1880 serikali ikapitisha sheria za kufanya shule za umma ziwe za bure, za lazima, na zisizofungamana na dini. Mwaka 1905 ikatenga kabisa kanisa na serikali. Mwalimu wa shule ya umma akawa kama mlinzi wa jambo hilo. Msalaba ukatolewa ukutani.

Kwa hivyo mwalimu Mfaransa akiona kitambaa cha dini darasani, mara nyingi hafikirii tu habari ya msichana aliye mbele yake. Anafikiri vile vita vya babu zake vinarudi.

Mwaka 1989, katika mji wa Creil kaskazini ya Paris, wasichana watatu wa familia za Afrika Kaskazini walizuiwa kuingia darasani kwa kukataa kuvua hijabu. Nchi nzima ikazozana. Wasomi watano wakaandika barua ya wazi kuwahimiza walimu wasisalimu amri. Mahakama ya juu ya mambo ya serikali ikatoa maoni kwamba kuvaa alama ya dini peke yake si kosa, ila isiwe ya kuwashurutisha wengine au kuleta vurugu. Basi kwa miaka 15 uamuzi ukawa mikononi mwa kila shule. Shule hii yaruhusu, ile yakataa, na walimu wakilaumiwa huku na huku. Walimu wengi walichoka, wakaomba sheria moja.

Sheria ikaja Machi 2004. Ilikataza katika shule za umma alama za dini zinazoonekana wazi: hijabu, kofia ya Kiyahudi, na msalaba mkubwa pia. Lakini sheria hiyo ina neno ambalo watu hulisahau. Inasema kabla ya adhabu yoyote, shule izungumze kwanza na mwanafunzi. Mwaka wa kwanza zilihesabiwa alama 639 zilizoletwa shuleni, na waliofukuzwa walikuwa 47. Kati ya hao, 44 ni wasichana wa hijabu, na watatu ni wavulana wa Kisingasinga wenye vilemba.

Hapo ndipo unaona mwalimu ni nani. Sheria ni ile ile, lakini kuna anayemwita msichana kando, akamkalisha, akamuuliza, akamsikiliza, na kuna anayemsimamisha langoni mbele ya wenzake wote. Wote wawili wametii sheria. Lakini msichana wa kwanza ameingia shuleni, na wa pili, hata akivua kitambaa, moyo wake umebaki nje.

Mwaka 2023 serikali ikakataza pia abaya, lile vazi refu linalofanana na buibui. Siku ya kwanza ya muhula, mwezi wa Septemba, wasichana karibu 300 walifika wakiwa wamelivaa. 67 wakakataa kulivua, wakarudishwa nyumbani. Mama, labda hiyo ndiyo habari uliyosikia.

Nawauliza sasa. Gauni refu ni gauni refu. Mwalimu aliyesimama langoni atajuaje hili ni la dini na lile ni la fasheni? Waliopinga katazo hilo walisema atatazama uso wa msichana na jina lake. Marie akivaa gauni refu, amependeza. Fatma akilivaa, amevunja sheria. Mnaona? Tumerudi kule kule kwa Max na Murat.

Kuna jambo moja zaidi la Ufaransa ambalo sisi watu wa kanisa tulisikie. Sheria ya 2004 ni ya shule za umma. Shule nyingi za binafsi huko ni za Kikatoliki, na tangu sheria ya 1959 zile zinazosaidiwa na serikali hutakiwa kupokea mtoto yeyote bila kujali imani yake. Basi wako Waislamu waliowapeleka watoto huko. Katika mji wa Marseille zipo shule za Kikatoliki ambazo wanafunzi Waislamu ndio walio wengi. Mzazi anasema, "Hapa angalau wanajua Mungu ni nani." Mimi nilipolisoma hilo nilinyamaza kidogo.

MWALIMU NAYE HUOGOPA

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Walimu wa Ulaya nao wamebeba mzigo.

Oktoba 2020, mwalimu wa historia aitwaye Samuel Paty alifundisha somo la uhuru wa kusema, akaonyesha picha za katuni za Mtume. Msichana mmoja ambaye hakuwa hata darasani siku hiyo alimdanganya baba yake kuhusu somo lile. Baba akasambaza maneno kwa video. Kijana wa miaka 18 asiyemjua kabisa mwalimu huyo akaja akamuua karibu na shule. Mwaka 2024 mahakama ya Paris ikawapata watu wanane na hatia katika kesi hiyo, baba yule akiwemo. Na Oktoba 2023, katika mji wa Arras, mwalimu mwingine, Dominique Bernard, aliuawa na kijana aliyewahi kusoma shule hiyo hiyo.

Mwalimu akisikia hayo, kesho yake anaingiaje darasani? Atawatazama watoto wake Waislamu kwa jicho lile la jana? Na watoto wenyewe, ambao hawakuua mtu, ambao nao wameogopa, wakiona jicho la mwalimu limebadilika watafanya nini? Mwuaji amewaumiza wote: mwalimu, jamaa zake, na kila mtoto mwenye jina linalofanana na la mwuaji.

Uingereza nayo, tangu Julai 2015, imewapa walimu wajibu wa kisheria wa kuangalia dalili za mtoto anayevutwa na watu wa itikadi kali. Serikali inasema ni kumlinda mtoto. Kweli, kulinda ni kazi ya mwalimu. Lakini walimu wengine walilalamika kwamba sasa mtoto akiuliza swali la Palestina au la vita, anaogopa ataandikwa. Mtoto anayeogopa kuuliza mwalimu atakwenda kuuliza nani? Atauliza simu. Na simu haina ualimu.

Lakini pia yapo mambo madogo yanayosaidia. Kule Uswisi wazazi Waislamu wa mji wa Basel walikataa binti zao wadogo wajifunze kuogelea pamoja na wavulana. Kesi ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2017 wazazi walishindwa. Lakini mahakama iliona kwamba shule ilikuwa tayari imewaambia watoto waruhusiwe kuvaa nguo ya kuogelea inayofunika mwili, na wabadilishe nguo mahali pasipo na wavulana. Yaani shule haikuuacha mkakati wake wa kuwafundisha wote pamoja, wala haikusema "hayo si yetu". Ilitafuta njia. Austria nayo, iliyoutambua Uislamu kwa sheria tangu 1912, ina somo la dini ya Kiislamu katika shule za umma tangu miaka ya 1980, kama vile Wakatoliki walivyo na lao.

KIOO CHA ITALIA

Sasa niwape habari ya kutia moyo, maana sikuja hapa kuwahuzunisha.

Watafiti wa Italia walichunguza walimu wa shule za kati kaskazini ya nchi hiyo. Waliona kwamba watoto wa wahamiaji, Waislamu na wasio Waislamu, walipewa na walimu wao alama za chini kuliko watoto Waitalia waliofanya sawasawa nao katika mtihani wa taifa. Kwa walimu wa hesabu, yule mwenye mawazo mabaya zaidi moyoni kuhusu wahamiaji ndiye aliyewapunguzia zaidi. Walipima mawazo hayo kwa jaribio la kompyuta linaloonyesha mtu huunganisha kwa haraka majina gani na maneno gani, mazuri au mabaya.

Halafu wakafanya jambo moja. Walimu wengine waliambiwa matokeo yao ya jaribio kabla ya kutoa alama za muhula. Wengine wakaambiwa baadaye. Wale waliokwisha kujua hali yao waliwapa watoto wa wahamiaji alama za juu zaidi kuliko wale ambao hawajaambiwa.

Hakuna aliyefukuzwa kazi. Hakuna aliyeshtakiwa. Walionyeshwa kioo tu. Mtu akijiona uso una masizi, wengi wetu hujifuta.

NA SISI JE?

Nilisema nitawaambia jambo langu.

Katika miaka yangu ya kazi nilifundisha shule moja ya mji mdogo yenye watoto Waislamu wachache. Nilikuwa nikijiona mwalimu mzuri, mtu wa kanisa, sina ubaguzi. Darasa la nane kulikuwa na msichana mmoja Mwislamu, mkimya, anaketi nyuma. Nilipoona jina lake juu ya daftari nilikuwa nasema moyoni, "Huyu ataolewa kabla ya kidato cha pili." Sikumchapa, sikumtukana. Nilimpuuza kwa upole. Nikiuliza swali, yule ninayemtegemea nilimngoja afikiri. Yeye nilimruka.

KCPE ilipofanywa, iliyosahihisha ni mikono ya watu wa mbali, wasiomjua yeye wala babake. Matokeo yalipokuja aliwapita wote niliowaita vichwa vya darasa, isipokuwa mmoja. Alikuja na mamake kuchukua matokeo. Nikampongeza. Akanishukuru kwa heshima, halafu akasema, "Lakini mwalimu hukuwahi kuniuliza swali hata siku moja."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tangu siku hiyo nilibadilisha jambo moja. Niliwaambia watoto wote walete madaftari yakiwa yamefunguliwa kwenye ukurasa wa kusahihishwa, moja juu ya lingine. Kwa hivyo nilisoma kazi kwanza, nikaweka alama, halafu ndipo nikafunga daftari na kuona jina. Ni jambo dogo, halina gharama. Lakini nakuambieni, mara kadhaa nilifunga daftari nikashangaa ni la nani.

Basi tukiwanyoshea Wazungu kidole, tujitazame. Hapa Kenya tuna Katiba ya 2010 inayolinda uhuru wa dini, na bado kanisa lililofadhili shule moja ya sekondari ya Isiolo lilikwenda mahakamani juu ya hijabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana haki ya kuivaa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, kwa sababu ya jinsi madai yalivyofikishwa mahakamani. Miaka yote hiyo ya kesi, watoto walikuwa wakikua. Mimi sikuja kuwaambia nani alikuwa na haki. Najua tu kwamba mahakama inaweza kuamua mtoto avae nini, lakini haiwezi kumwamuru mwalimu amtarajie mema.

Na vikundi vyenu vina shule za chekechea. Vina mifuko ya karo. Wanachama wenu wamo katika halmashauri za shule. Mtoto wa dini nyingine, wa kabila lingine, wa mama asiye na mume, wa mlevi, wote wana majina juu ya madaftari. Mkiketi kugawa pesa za karo, someni kwanza alama na shida ya mtoto, jina lisomwe mwisho. Mzazi wa dini nyingine akikosa mkutano, msiseme "hao hawapendi masomo". Mtumeni mtu amwulize. Labda mkutano mmeuweka Ijumaa saa saba.

Mama, ndilo jibu langu. Walimu wa Ulaya si wachukiao. Ni watu kama mimi. Hilo ndilo linalonitia hofu, na ndilo linalonipa tumaini pia, maana mimi niliweza kubadilika.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika shule iliyo karibu nasi, ni watoto gani ambao walimu au wazazi husema "hawa hawafiki mbali"? Kwa nini husema hivyo?

2. Kikundi chetu hugawaje pesa za karo? Je, jina la mtoto au la babake huathiri uamuzi wetu? Tunaweza kubadilisha nini?

3. Jirani wa dini nyingine akiwa na mtoto katika chekechea yetu, tumewahi kumwuliza kuhusu chakula, mavazi na siku za ibada, au tunangoja mpaka ugomvi uanze?

4. Nani katika kikundi anakumbuka mwalimu aliyemtarajia mema? Atueleze mwalimu huyo alifanya nini.